Taa Namba Mbili Haiwaki

Benchi letu liko nje ya duka la Rubiela, kona ya kanisa, pale magari ya jipu yanayoshuka kutoka milimani yanapogeuzia. Ni ubao mmoja mrefu, umekaliwa na vizazi vitatu vya wavivu, na Jumapili baada ya misa huwezi kupata hata nafasi ya kuweka kofia. Ukutani, juu ya vichwa vyetu, kuna kibao chenye taa nne za kijani, na juu ya paa kuna honi. Taa hizo ni za vijisanduku vinne alivyovifunga injinia Yamile korongoni mwaka jana, baada ya mlima kuporomoka na kuondoka na banda la jirani pamoja na nguruwe wote sita. Kila kijisanduku kinasikiliza ardhi kama imelowa kupita kiasi au imeanza kutembea. Kikishasikia kinampasha habari mwenzake wa chini, kwa mawimbi, kama redio, na huyo anampasha wa chini yake, hivyo hivyo mpaka habari ifike hapa dukani. Kila robo saa taa zinawaka, moja, mbili, tatu, nne, maana yake ardhi imelala. Ikiamka, honi inalia. Na kila Jumamosi saa sita mchana kijisanduku cha juu kabisa kinatuma salamu ya majaribio, honi inalia mara moja, mbwa wote wanabweka, tunakwenda kula. Jana ilikuwa Jumamosi. Mbwa hawakubweka.

Wenye vijisanduku tunajulikana. Namba moja, kule juu penye ufa, kipo shambani kwa Leonidas, tunayemwita Mtabiri kwa sababu goti lake la kushoto linaijua mvua kabla ya redio. Namba mbili ni cha Arcesio, jina la benchi Spika, mtu ambaye tangu abatizwe hajawahi kuongea kwa sauti ya ndani ya nyumba. Mama yake mzazi, bibi tunayemwita kwa heshima donya Ofelmina, anaishi peke yake chini ya ule ufa. Spika amembembeleza miaka miwili ahamie kwake, mama amekataa, anasema katika nyumba ile redio inapiga kelele, mbwa anapiga kelele, na mwanawe anawashinda wote wawili. Alikubali kitu kimoja tu: vijisanduku vikifungwa, atalala kwake bila wasiwasi. Namba tatu ni cha Aldemar, fundi redio, Bisibisi. Namba nne ni changu, na mimi si bora kuliko hao, mtaona.

Sasa, watu wa benchi ukiwapa taa nne za kutazama, unategemea nini? Tulizigeuza mchezo. Robo saa ikipita taa yako haijawaka, unaingia ndani kuosha vikombe. Wazo lilikuwa la Rubiela, na Rubiela hajaosha kikombe tangu Pasaka.

Tangu Jumanne taa namba moja na namba mbili zilikuwa haziwaki kabisa. Namba tatu ilikuwa inawaka inapojisikia.

— Mtabiri, vikombe vinakuita, — alisema Bisibisi, akinyoosha miguu.

— Mimi? Nimeosha tangu Jumanne, vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Leo zamu ya Spika. Taa yake nayo si imezimika?

— Yangu imezimika kwa sababu yako! — alijibu Spika, na njiwa wakaruka kutoka mnara wa kanisa. — Wewe ndiye uko juu yangu. Usiponiletea habari, nitapeleka nini? Hewa?

— Punguza sauti, bwana, tuko benchi moja.

— Hii ndiyo sauti yangu ya kupunguza!

Rubiela alitoka na chupa ya kahawa, akatumiminia, kahawa chungu ya kwetu isiyojua maziwa. Akatazama taa, akatutazama sisi, akaguna, akarudi ndani.

— Mimi nimeshajua tatizo, — alisema Mtabiri. — Ni ukungu.

— Ukungu umefanyaje?

— Mawimbi yanatoka kwangu makavu, safi kabisa. Yakifika kwenye ukungu yanalowa. Yakilowa yanakuwa mazito. Yakiwa mazito yanaanguka njiani. Juzi nimekanyaga kitu kwenye mibuni, laini, cha uvuguvugu.

— Hicho kilikuwa cha punda wako, mzee.

— Najua cha punda wangu! Hiki kilikuwa kingine.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bisibisi hakucheka sana, maana alikuwa anasubiri zamu yake. Fundi redio hawezi kukubali mwenye goti amtangulie.

— Ukungu upo tangu enzi za babu zetu, — alisema. — Jiulizeni kitu gani ni kipya. Padri amefunga mitambo mipya ya muziki, siyo? Lini? Jumatatu. Taa zimezima lini? Jumanne. Yale ma-spika yana sumaku kubwa kama sinia. Mawimbi yetu yakipita yanavutwa, yanaingia kanisani.

— Yanakwenda kufanya nini kanisani?

— Kuungama. Yametoka shambani kwa Mtabiri, yameona mengi.

— We Bisibisi, Mungu anakusikia.

— Kama hiyo mitambo inafanya kazi, ananisikia vizuri.

Spika alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo kama mtu anayewahurumia watoto. Alinyanyuka, akaelekeza kidole ng'ambo ya korongo, kwa watu wa kijiji cha El Cedral, ambao tumekuwa na ugomvi nao tangu mechi moja ya mpira ambayo wachezaji wake wengi wameshakufa.

— Wale, — alisema. — Wale wanakinga mawimbi yetu. Yanavuka korongo, wao wameweka kitu kule, wanayakinga kama maji ya bomba. Juzi nimesikia honi kule kwao. Wamepata wapi honi?

— Hiyo ni honi ya lori la maziwa, Spika.

— Ndivyo wanavyotaka uamini!

Hapo ikabidi na mimi niseme kitu, maana mtu akikaa benchi robo saa bila nadharia, watu wanaanza kumwonea mashaka. Nikasema ni nyuki. Nikasema nyuki wa Mtabiri wamejenga karibu na kijisanduku, wanasikia kila kinachosemwa, na kwa kuwa nyuki hawapendi umbea, wanauzuia usishuke. Wakaniambia nimechemsha. Kweli nilikuwa nimechemsha, lakini walau nilikuwa nimechangia.

— Sikilizeni, — alisema Bisibisi, akishusha sauti kama mwenye siri ya serikali. — Hivi vidude vinawaiga wamiliki. Ndiyo, msicheke. Ukikaa na mtu mwaka mzima unachukua tabia zake. Mbwa wa Spika si alimng'ata mbuzi wa Mtabiri? Tangu hapo wazee hawa hawasalimiani, wanarushiana maneno tu hapa benchi. Basi na vijisanduku vyao vimenuniana. Namba moja kinasema habari, namba mbili kinageuza uso.

— Changu hakijanuna, — alisema Mtabiri. — Asubuhi hii nimepanda mwenyewe kukiangalia. Kile kitaa chake cha pembeni kinawaka, betri ipo, kina afya kuliko mimi.

— Na changu kama kimeniiga mimi, — alinguruma Spika, akijipiga kifua, — basi ndicho kinachosikika kuliko vyote! Kwanza hakiwezi kuwa na tatizo. Jumamosi ile ya nyuma nilikipandisha mwenyewe mpaka tisa!

Rubiela alitokeza kichwa dirishani.

— Umepandisha nini?

— Ile swichi ya kuzungusha, ya nguvu ya mawimbi. Yule binti injinia alikuwa ameiweka kwenye tatu. Tatu! Mtu akipita barabarani aone chombo changu kinanong'ona kama mgonjwa? Taa yangu ilikuwa imekosa mara moja, mkanichekea, nikaosha vikombe kumi na saba. Nikasema hii hairudii. Tisa!

— Kumbe, — alisema Mtabiri polepole. — Na mimi yangu ilipozima Jumanne, niliipeleka tisa.

— Hata wewe?

— Sasa nifanyeje? Nilidhani hakisikiki.

Bisibisi alikuwa anachunguza chini ya kikombe chake kwa makini sana.

— Fundi, — aliita Rubiela. — Chako kiko ngapi?

— Kiko… kwa sababu za kitaalamu… kiko kwenye tisa.

Wote wakanigeukia. Ningeweza kudanganya, lakini masikio yangu yanawaka nikidanganya, na benchi lote linajua.

— Tisa, — nikasema.

Rubiela aliingia ndani. Tulimsikia akisogeza magunia ya sukari, kisha akang'oa kalenda ya mpira aliyoibandika Spika mwenyewe ukutani siku ya fainali. Nyuma ya kalenda kulikuwa na karatasi ya injinia Yamile, imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa kama za kuandikia watu anaowajua vizuri. Alitoka nayo, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

— “Ndugu zangu wa benchi. Tatu inatosha. Kila kijisanduku kinatakiwa kusikiwa na jirani yake wa chini, basi, si na mji mzima. Majani yakiwa mengi na mabichi yanazuia mawimbi, ongezeni moja, yakipukutika mpunguze tena. Mkipandisha juu sana, betri ya miezi inaisha kwa siku chache, na msimu wa ukungu jua halitoshi kuirudishia chaji. Halafu viwili vikipiga kelele pamoja, havielewani hata kimoja. Nawaomba msishindane.”

— Alijuaje? — aliuliza Mtabiri. — Kwamba tutashindana?

— Alikaa hapa siku tatu, — alisema Rubiela. — Aliwaona.

Bisibisi alikuwa ameshika karatasi sasa, anasoma mwenyewe, midomo inacheza. Pale pale nikaona fundi wa kweli anaamka ndani ya yule mpiga kamba. Alitazama taa, akatazama mlima, akahesabu kwa vidole.

— Jamani, — alisema. — Namba moja ni kizima, kiko juu ya ukungu, jua linakilisha. Mzee amekiona kwa macho yake. Kinasema, lakini wa kukisikia ni namba mbili, na namba mbili kimekufa. Kimepiga kelele siku tatu mfululizo, kimemaliza betri. Cha Mtabiri hata ukikipeleka tisini, bega la mlima liko katikati, hakiwezi kunifikia mimi. Na mimi na huyu jirani yangu, tisa kwa tisa, tunazibana masikio. Ndiyo maana taa yangu inawaka inapotaka.

— Ngoja, — alisema Mtabiri, akisimama. — Ngoja kwanza. Kwa hiyo mimi nimeosha vikombe siku tano kwa kosa la Spika?

Hapo tulicheka. Tulicheka vibaya sana. Bisibisi alishika ukuta. Mtabiri alikuwa anamwonyesha Spika vidole vyake, kimoja kimoja, akidai fidia ya kila kidole. Spika mwenyewe alikuwa anapiga kelele kwamba betri ni ya kichina, kwamba injinia angesema mapema, kwamba mwanaume hawezi kuishi kwenye namba tatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwona donya Ofelmina akivuka barabara.

Alikuwa ametoka misani, kofia yake nyeusi kichwani, na kuku jike kwapani aliyemnunua sokoni. Donya Ofelmina hasimami kwenye benchi letu. Hupita, husalimia, huenda zake. Leo alisimama. Tukanyanyuka wote, kofia mkononi.

— Kaeni, kaeni. Nimekuja kununua chumvi. — Alimkabidhi Rubiela sarafu, kisha akainua uso kwenye kibao. Ilikuwa imetimia robo saa. Taa namba tatu iliwaka, ikasita. Namba nne ikawaka. Zile mbili za mwanzo zikabaki zimezima. — Arcesio, ya kwako ni ipi?

— Ya pili, mama.

— Mbona haiwaki?

Tulianza kuongea wote kwa mpigo. Mtabiri akataja ukungu, mimi nikajikuta nasema nyuki, Bisibisi akaanza na padri akakumbuka anaongea na nani. Bibi alisubiri tumalize, akimpapasa kuku wake.

— Mmoja tu aseme.

— Betri imeisha, donya, — alisema Bisibisi. — Tulipandisha nguvu. Sote. Tulikuwa tunashindana.

— Mlikuwa mnashindania nini?

Hakuna aliyetaka kutaja vikombe.

— Imezima tangu lini? — akauliza tena.

— Jumanne.

Alimhamishia kuku kwapa la pili.

— Alhamisi ilinyesha usiku kucha.

— Ndiyo, donya.

— Nililala, — alisema. — Zamani mvua ya namna ile nilikuwa nakaa kitini mpaka asubuhi, viatu miguuni. Alhamisi nilivua viatu, nikalala usingizi mzuri, kwa sababu mliniambia kuna anayesikiliza.

Niliona aibu, nasema kweli. Kila asubuhi napita chini ya dirisha la bibi huyu, na hakuna siku aliyoniacha nipite bila kunipa arepa, mkate wetu wa mahindi, ya moto, imefungwa kwenye jani la mgomba. Ijumaa nilipita pia. Nilikula arepa yake huku namfikiria Mtabiri na vikombe vyake, nacheka peke yangu njiani.

Bibi aligeuka kuutazama mlima. Mawingu yalikuwa yameshakaa pale juu, ya rangi ile ya maji ya kuoshea masufuria.

— Leo itanyesha?

Wote tulimtazama Mtabiri. Aliinama, akaliminya goti lake la kushoto kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna mtu aliyelitania goti lile.

— Itanyesha, donya. Kubwa.

— Basi leo nilale wapi?

Kahawa ilikuwa imepoa mikononi mwetu. Bisibisi ndiye aliyejaribu.

— Donya, nina betri ya pikipiki. Naenda kuing'oa sasa hivi, kabla ya saa nane itakuwa imefungwa kwenye namba mbili, na swichi zote narudisha tatu mwenyewe…

— Vizuri. Fanya hivyo. Lakini sijauliza betri, mwanangu. Na una hakika itafanya kazi mpaka kesho?

Bisibisi akairudia kuisoma karatasi ya injinia.

— Na nyie hamtaigusa tena?

Tukainamisha vichwa. Mtu angetuona pale angedhani tumepanga mstari kwa ajili ya kuungama.

— Nimeuliza nilale wapi, — alirudia bibi, bila hasira. — Nyumba yangu ndiyo hiyo mnayoijua. Kwa mwanangu mnapajua pia, El Cedral wanapasikia.

Hata hapo hatukuthubutu kucheka. Tulimtazama Spika. Alikuwa amesimama, kofia ameisokota mpaka imekuwa kama tambara, uso mwekundu, na mimi nilijiandaa, maana ukimjua unajua kinachofuata: atalia, ataapa kwa watakatifu wote, madirisha yatatetemeka. Njiwa nao nadhani walijiandaa. Alimsogelea mama yake hatua mbili. Akainama, maana yeye ni mrefu na mama yake anamfikia kifuani. Akasema kitu.

Sikukisikia. Niko mkono mmoja kutoka alipo, na masikio yangu ni mazima, sikukisikia. Mtabiri alikuwa karibu zaidi yangu, naye hakusikia. Alisema maneno mengi, si moja wala mawili, na bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande ule wa sikio lake zuri, anafuatilia. Mahali fulani katikati alitikisa kichwa kukataa. Spika akaongeza kitu, kifupi. Bibi akamtazama usoni, kwa muda, kama anamkagua kama ni yeye kweli.

Kisha akamkabidhi kuku.

Spika alimpokea kuku kwa mikono miwili, akampa mama yake kiwiko, wakaanza kupanda taratibu njia ya kuelekea kwake. Hawakuelekea kule kwa bibi. Mbwa wa Spika, anayelala kila Jumapili chini ya gari la jipu kumsubiri bwana wake, alitoka, akanyoosha mwili, akafungua mdomo abweke. Spika alimwinulia kidole. Mbwa akaufunga.

Tulibaki tumesimama mpaka walipoingia kwenye kona. Mtabiri alichukua vikombe vyote vinne, bila kuulizwa na mtu, akaingia navyo ndani. Mimi nilikuwa nakwenda kuleta ngazi ya kukifikia kijisanduku namba mbili. Bisibisi alikuwa ameshainamia pikipiki yake, anafungua betri, lakini moyo wa benchi ulikuwa unamwasha, hakuweza kuvumilia.

— Rubiela, — aliita. — Wewe ulikuwa pale mlangoni kabisa. Amemwambia nini?

Rubiela alikuwa anaikunja kalenda ya mpira.

— Sijui, — alisema. — Hakuwa anaongea na mimi. Wala na wewe.